Padre Aliyebaki

Filamu yenyewe niliinunua Kampala mwaka 2008, kwa mchuuzi wa diski karibu na kituo cha mabasi, nikiwa njiani kurudi nyumbani Karagwe. Kwenye jalada iliandikwa Beyond the Gates, ingawa Waingereza walioitengeneza waliipa jina Shooting Dogs. Mchuuzi aliniambia ni sinema ya Rwanda. Nikadhani ni ile ya hoteli, ambayo kila mtu alikwisha kuiona, lakini nikainunua hivyo hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi.

Niliitazama peke yangu usiku, mke wangu na watoto wakiwa wamelala. Ilipokwisha nilizima televisheni nikakaa gizani, nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mtu mmoja aliyekuwamo: padre mzee aitwaye Christopher. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa nimembebea Mungu swali kuhusu Rwanda, na sikuwa nimewahi kulitamka mbele ya mtu. Nilihisi usiku ule nimejibiwa.

Kwa wapendwa ambao hawajaiona, nieleze kwa ufupi. Kuna mambo yaliyotokea na kuna mambo yaliyotungwa. Yaliyotokea ni haya. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa, na kuanzia siku iliyofuata Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa siasa za mauaji, walianza kuwindwa nyumba kwa nyumba. Huko Kicukiro, Kigali, palikuwa na shule ya ufundi iliyojulikana kwa kifupi kama ETO, ikiendeshwa na Wasalesiani wa Don Bosco. Askari wapatao 90 wa Ubelgiji, waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, walikuwa wamepiga kambi hapo. Watu wapatao elfu mbili wakakimbilia shuleni, wakiamini kwamba penye bendera ile hawatafuatwa. Tarehe 11 Aprili raia wa kigeni walichukuliwa, kisha askari nao wakaamriwa kuondoka. Wanamgambo wa Interahamwe walikuwa wakisubiri nje ya geti na mapanga yao. Waliobaki waliswagwa hadi kwenye kilima cha Nyanza, wakauawa kwa maguruneti na mapanga. Waliopona ni wachache.

Miongoni mwa waliouawa baada ya askari kuondoka alikuwa Boniface Ngulinzira, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, mmoja wa waliojadiliana ule mkataba wa amani uliotiwa sahihi Arusha mwezi Agosti 1993. Huwa naona tabu kulipita jina hilo. Mtu alikuja kwetu Tanzania kutafuta amani, akarudi kwao, akaachwa getini.

Yaliyotungwa ni Padre Christopher, aliyeigizwa na John Hurt, na Joe, kijana Mwingereza aliyekuja kujitolea kufundisha. Malori ya askari yanapowashwa, Joe anapanda. Padre anabaki. Anawaadhimishia watu misa ya mwisho, anawaficha watoto kadhaa kwenye gari lake, na anapigwa risasi kwenye kizuizi cha barabarani na mtu anayemfahamu. Kabla ya hapo Joe alikuwa amemuuliza Mungu yuko wapi katika mambo haya. Padre anamwambia kwamba anajua Mungu yuko wapi: yuko pale pale, pamoja na wale wanaoteswa, na kwamba yeye akiondoka anaogopa hatamwona tena.

Mnaelewa, basi, kwa nini nilikaa gizani.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kwa miaka mingi nimekuwa mlezi wa umoja wa vijana wa usharika wetu. Mwaka uliofuata tuliandaa kipindi cha Jumamosi Kuu, siku ile iliyo katikati ya Ijumaa Kuu na Pasaka, ambayo vijana wetu hawana la kuifanyia. Nikaomba jenereta na projekta, tukatundika shuka ukutani ndani ya kanisa. Nilitangaza Jumapili ya Mitende kwamba wazazi nao wanakaribishwa. Wakaja wengi kuliko nilivyotazamia. Nilikuwa nikisimama kila mara kutafsiri, maana filamu ni ya Kiingereza, na ilipofika pale padre anapobaki niliongeza mahubiri yangu mwenyewe. Nilisema, na nayakumbuka vizuri kuliko ninavyotaka, kwamba watu wanasema kanisa liliwaacha Wanyarwanda, lakini tazameni, mchungaji mwema hakuwakimbia kondoo wake.

Nyuma kabisa, kwenye benchi la karibu na mlango, alikaa mama mmoja ambaye wengi wa usharika wetu wanamfahamu, na jina lake sitaliandika. Ni Mnyarwanda kwa kuzaliwa. Wazazi wake walivuka mto Kagera wakiwa naye mgongoni, katika zile fujo zilizoanza mwaka 1959, na yeye akakulia kwetu, akabatizwa kwetu, akaolewa kwetu, na alipata uraia pamoja na wengine kama yeye miaka ya themanini. Ndugu wengine wa ukoo wao hawakuvuka.

Taa zilipowashwa aliinuka akaja mbele. Vijana walikuwa wakikunja nyaya. Aliniamkua kwanza, jambo lililonitia aibu kwa sababu nilitakiwa nimtangulie kwa shikamoo.

"Mwalimu," akasema, "huyo padre alikuwa nani?"

"Ni wa kwenye filamu, Mama."

"Najua ni wa kwenye filamu. Nakuuliza alikuwa nani."

Nikasema sijui jina lake halisi, lakini bila shaka alikuwapo mtu kama yeye.

Akaniuliza leo ni tarehe ngapi. Nikamwambia ni tarehe 11. Akanitazama. Ilinichukua muda kuelewa. Ilikuwa tarehe 11 Aprili 2009, miaka kumi na mitano kamili tangu geti lile lifunguliwe. Mimi nilikuwa nimeichagua siku hiyo kwa sababu jenereta ilikuwa na nafasi.

"Ndugu zangu nao walikimbilia kanisani," akasema. "Siyo pale Kigali, kule kwetu mashariki. Nimewauliza waliopona, wote niliowapata. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kuna mtu wa Mungu alisimama mlangoni. Wewe umempata wapi?"

Kisha akaenda zake. Kesho yake alikuwa kanisani saa kumi na moja alfajiri kwa ibada ya ufufuo, kwenye benchi lake, na aliimba.

Ili mwelewe kwa nini swali lake lilinichoma, ni lazima nirudi nyuma.

Mwaka 1994 Pasaka iliangukia tarehe 3 Aprili. Watu wa Rwanda, wengi wao Wakristo, walikuwa wameimba ufufuo siku nne tu kabla ya mauaji. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, nipo nyumbani nasubiri matokeo, na baba yangu alikuwa mwinjilisti wa mtaa. Kwanza tulisikia redioni. Kisha tukasikia kuhusu mto. Kagera ulibeba maiti hadi Ziwa Victoria, na upande wa Uganda watu walizika maelfu ya miili ambayo hawakujua majina yake. Kwetu watu waliacha kula samaki. Mwishoni mwa mwezi, tarehe 28 na 29, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa ishirini na nne. Baadaye makambi yalifika hadi wilayani kwetu.

Hao waliovuka Rusumo hawakuwa wale waliokuwa wakichinjwa. Wengi walikuwa Wahutu waliokimbia majeshi ya RPF, na kati yao, pamoja na akina mama na watoto wasio na hatia, walikuwamo watu waliotoka kuua. Nyarubuye, mahali ambapo watu waliuawa ndani ya kanisa na viunga vyake katikati ya Aprili, siyo mbali na daraja lile. Sisi hatukulijua hilo, au tulilijua nusu tukaacha nusu nyingine.

Baba alitangaza mchango: ndizi, maharage, nguo. Wakati wa matangazo mama yule akasimama. Hakupaza sauti. Aliuliza, "Mnajua mnakwenda kumlisha nani?" Wazee wa kanisa wakatazama chini. Baba akasema njaa haina kabila, na ibada ikaendelea. Wiki ile nilitumwa kupita nyumba kwa nyumba na gunia, na nilipofika kwake nilijiona nimekua, nikamkumbusha habari ya Msamaria Mwema.

"Mwanangu," akasema, maana wakati huo aliniita hivyo, "yule Msamaria alimfunga vidonda aliyepigwa. Wanyang'anyi walikwenda zao. Hakuna aliyemwambia awapelekee maharage."

Lakini akaingia ndani, akatoka na kibaba kimoja cha maharage, akakimimina ndani ya gunia langu, akafunga mlango. Hadi leo sijui kama baba alikosea. Kulikuwa na watoto kule kambini, niliwaona, matumbo yao yamevimba. Ninachojua ni kwamba sikumuuliza mama yule ni nani aliyempoteza. Nilikuwa na mfano wa Bwana mkononi, na mfano ulinitosha.

Kwa hiyo mwaka 2009, siku chache baada ya Pasaka, nilikwenda Bukoba kwa shughuli za shule, nikaingia kwenye chumba cha intaneti, nikatafuta kila kilichoandikwa kuhusu filamu ile. Nilikuwa namtafuta padre. Nilitaka nirudi nikamwambie mama jina lake.

Nilikuta ugomvi mkubwa kuliko nilivyodhani. Filamu ilitengenezwa mwaka 2005 na mwongozaji Michael Caton-Jones, BBC ikiwa miongoni mwa waliogharamia, na iliposambazwa mwaka 2006 wengi waliisifu, hasa uigizaji wa John Hurt. Lakini wapo walioikasirikia. Malalamiko moja nililitegemea: kwa nini msiba wa Wanyarwanda tuuone kwa macho ya Wazungu wawili, wenyewe wakiwa kama mandhari ya nyuma? Ni kweli, na sina la kuongeza, ila kwamba mwaka ule ule Raoul Peck, mzaliwa wa Haiti, alitoa filamu yake Sometimes in April ambamo Wanyarwanda ndio wanaobeba kisa, na kwenye duka lile la Kampala sikuiona.

Malalamiko mengine yalihusu mahali. Ile ya hoteli ilipigwa kwa sehemu kubwa Afrika Kusini. Hii ilipigwa Kigali, ndani ya shule yenyewe, na manusura wakiwa waigizaji na mafundi. Watengenezaji waliona hiyo ni heshima. Lakini walikuwapo watu waliosema kwamba kusikia tena nyimbo na makelele ya Interahamwe, hata yakiwa ya kuigiza, kuliwarudisha kule kule. Hapa siwezi kuamua. Naona manusura waliochagua kufanya kazi ile walikuwa na haki ya kuchagua, na jirani aliyeamshwa na makelele yale hakuchaguliwa na mtu.

Lile lililonikalisha kitini ni la tatu. Linda Melvern, mwandishi wa habari Mwingereza aliyechunguza mauaji ya Rwanda kwa miaka mingi, aliipinga waziwazi filamu hii kupokewa kama historia. Yeye na wengine walieleza kwamba padre wa namna ile hakubaki ETO. Malori yalipoondoka, watu elfu mbili waliachwa peke yao. Padre Christopher, niliyemhubiri kanisani, hakuwapo.

Nililipia saa nyingine.

Kisha nikampata, lakini si pale. Mtayarishaji wa filamu, David Belton, alikuwa Rwanda mwaka 1994 kama mwandishi wa BBC, na huko alifahamiana na padre Mfransisko kutoka Bosnia, Vjekoslav Ćurić. Huyu alikataa kuondoka Wazungu wenzake walipoondoka. Alibaki, akawaficha watu, akawavusha wengine hadi Burundi. Aliyaokoka mauaji yale, akaendelea na utume wake, na tarehe 31 Januari 1998 akapigwa risasi Kigali, akafa. Ndiye aliyempa Padre Christopher moyo wake. Ila yeye hakuwa ETO.

Na Belton mwenyewe? Aliondoka. Amelisema hilo hadharani, kwamba aliondoka Rwanda na jambo hilo halikumwacha. Niliposoma hivyo nilimwelewa Joe upya. Mwishoni mwa filamu, miaka mitano baadaye, msichana Marie aliyenusurika anamfuata Joe hadi Uingereza na kumuuliza kwa nini aliwaacha, naye anajibu kwa kifupi kwamba aliogopa kufa. Wahakiki wengine waliona sehemu hiyo ni dhaifu. Mimi naona ndiyo kweli kuliko zote. Hapo hakuna utunzi. Ni Petro uani pa kuhani mkuu, akiota moto.

Basi nikawa na watu wawili mezani: yule anayeondoka, ambaye ni wa kweli, na yule anayebaki, ambaye ni wa kweli lakini amehamishwa. Watetezi wa filamu wanasema kuhamisha si kudanganya. Mtu wa namna ile aliishi, alitenda yale, alikufa. Kuna ubaya gani kumweka shule nyingine? Kwa muda mrefu nilikubaliana nao, kwa sababu nilitaka kukubali. Siku hizi nafikiri hivi. Pale ETO tarehe 11 Aprili palikuwa na nafasi tupu. Mahali ambapo mchungaji alipaswa kusimama hapakuwa na mtu. Nafasi ile tupu yenyewe ni ushahidi, na ndiyo kitu ambacho watu elfu mbili walikiona kwa macho yao katika saa yao ya mwisho. Ukimtoa mtu mwema mahali alipokuwa na kumsimamisha hapo, hujaongeza wema duniani. Umekifunika kile walichokiona.

Nisieleweke vibaya. Waliobaki walikuwapo. Félicité Niyitegeka wa Gisenyi, Mhutu, mlei aliyejitoa kwa kazi ya Kanisa, aliwahifadhi Watutsi na kuwasaidia kuvuka kwenda Goma. Kaka yake alikuwa afisa wa jeshi na alimwomba ajiondoe. Alikataa, akauawa pamoja na wale aliowahifadhi. Leo ni mmoja wa mashujaa wa taifa la Rwanda. Hakuna haja ya kumtunga. Hakuna pia aliyekuja na kamera kubwa kumtafuta, na nadhani tunajua kwa nini.

Lakini siwezi kumtaja Félicité bila kuwataja wengine, vinginevyo nitakuwa nimerudia kosa lile lile. Sisi wa Tanzania tuliwaona kwa karibu, kwa kuwa mahakama ya Umoja wa Mataifa iliketi Arusha. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana wa Kanisa la Waadventista alihukumiwa mwaka 2003 kifungo cha miaka 10. Athanase Seromba, padre Mkatoliki wa Nyange, ambako kanisa lilibomolewa kwa buldoza na watu wamo ndani, alihukumiwa mwaka 2006 miaka 15, na kwenye rufaa mwaka 2008 ikawa kifungo cha maisha. Samuel Musabyimana, askofu wa Anglikana, alifariki mwaka 2003 akiwa kizuizini, kesi yake haijasikilizwa. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa lake na watu wake katika mauaji yale.

Na sisi Walutheri tusikae tukijipangusa. Kanisa letu nchini Rwanda lilianzishwa baada ya mauaji, na Wanyarwanda waliorudi kutoka hapa kwetu. Hatukuwa na mchungaji wa kukimbia wala wa kubaki. Hiyo haitufanyi wasafi. Sijui kama mtaa wetu, uliotazama chini mama mmoja alipouliza swali moja, ungekuwa na mtu wa kusimama mlangoni.

Sikuenda kwa mama mara moja. Nilijipa sababu za mitihani, mvua, na barabara. Nilikwenda mwezi wa sita. Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo chini ya mgomba, nikamwamkia, naye akanipa kigoda. Nikamweleza yote niliyosoma, kwamba padre yule hakuwa pale, kwamba mwenye moyo ule alikuwa mahali pengine, kwamba aliyetengeneza filamu aliondoka na Joe ndiye yeye. Nikamwambia pia kwamba niliyoyasema kanisani siku ile hayakuwa kweli na kwamba Jumapili ijayo nitayasema hayo mbele ya watu kama mchungaji ataniruhusu. (Aliniruhusu. Ilikuwa dakika tano ngumu, na mzee mmoja aliniambia baadaye ningeyaacha yalivyo, kwa kuwa vijana walikuwa wametiwa moyo.)

Mama aliendelea kuchambua. Akauliza kama huyo Mbosnia alizikwa Rwanda. Nikasema sijui. Akanyamaza, kisha akasema, "Pale mwisho mwisho, ulipozima mashine. Kulikuwa na picha za watu. Uliizima kabla hazijakwisha."

Alikuwa sahihi. Hadithi ikiisha, majina yanapopita, filamu inawaonyesha Wanyarwanda walioifanyia kazi nyuma ya kamera, mmoja mmoja, uso na jina, na maneno machache kuhusu ndugu waliowapoteza au namna walivyopona. Siku ile jenereta ilikuwa inamaliza mafuta na mimi nilikuwa na hamu ya kuomba sala ya kufunga. Nilizima.

"Yaliandikwa nini?" akauliza.

Nikasema yaliandikwa Kiingereza, na kwamba naweza kumletea. Akaniuliza kama ina sauti za wale watu wa nje ya geti, sehemu hiyo. Nikasema hapana, ni picha tu na muziki.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata na kompyuta ndogo ya shule. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Wajukuu wake aliwatuma kisimani, akafunga mlango, akavuta kigoda karibu yangu. Niliipeleka filamu mbele, nikaipita shule, nikaupita kilima, nikampita padre, mpaka uso wa kwanza ukatokea. Nikasimamisha. Mama akainama karibu na kioo, akautazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta kufanana.

"Soma jina kwanza," akasema. "Halafu unisomee waliobaki wangapi."